Treni ya Dodoma imenirudishia Jumamosi: maoni ya fundi cherehani baada ya safari 41

Tiketi zangu zote ninazo. Kila nikikata kwa simu, naenda kwa jirani mwenye stesheneri anichapie, kisha naibana kwa pini kwenye daftari lilelile ninaloandikia vipimo vya wateja. Jana usiku nimezihesabu, zimefika 41. Namba imekuwa witiri kwa sababu safari moja nilirudi na lori la rafiki yangu aliyekuwa na mzigo wa zabibu. Tiketi ya kwanza ni ya Agosti 2024, mwezi ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi SGR, yaani reli ya kisasa, ya Dar es Salaam hadi Dodoma.

Nimesoma maoni mengi ya watu kuhusu treni hii, na karibu yote yanazungumzia kasi na kiyoyozi, na picha walizopiga dirishani. Nayaelewa, maana na mimi safari ya kwanza nilipiga picha. Lakini mtu aliyepanda kwenda kutembea haoni ninachokiona mimi ninayepanda kwenda kwa mke wangu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mume, na ni maoni ya fundi cherehani, na yote mawili yataonekana.

Duka langu liko Mwananyamala. Kazi yangu kubwa ni sare za shule: mashati, kaptula, sketi za marinda. Mke wangu ni mhasibu wa wizara. Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, mimi na mke wangu tulikuwa sebuleni tunasikiliza taarifa ya habari, na tukaambiana itachukua muda. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwepo tangu 1973, kabla hata hatujazaliwa, na watu walikuwa wameuzoea kama unavyozoea ahadi ya mwenye nyumba ya kupaka rangi. Mwanzoni mwa 2017 barua ikaja. Binti yetu alikuwa na miaka minne na nusu, na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Mke wangu alipanda basi Ubungo na mtoto mgongoni, begi moja la nguo na jiko dogo la gesi. Mimi na binti tukarudi nyumbani, na usiku ule binti akataka kulala upande wa mama yake.

Watu huniuliza kwa nini na mimi sikuhama. Nilijaribu. Mwaka 2018 nilifunga duka miezi mitatu nikaenda Dodoma na cherehani mbili na overloki. Nilipata wateja wachache wa kupunguza suruali, na huku nyuma shule mbili nilizokuwa nashonea zikampa kazi fundi mwingine. Nilirudi Dar kuokoa shule zilizobaki. Yule mdogo alipotimiza miaka mitatu naye akaja kukaa na mimi, kwa sababu kipindi cha bajeti mama yake alikuwa akitoka ofisini usiku, na huku Dar mama mkwe yuko Tabata na anasaidia. Hivyo ndivyo mwanamume wa Mwananyamala akawa baba wa nyumbani: anapika uji asubuhi na kukaa kwenye vikao vya wazazi shuleni kati ya akina mama, huku mke akiwa kilomita zaidi ya 400.

Kabla sijasema lolote kuhusu treni, naomba nieleze wikendi ya basi ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nimezibana tiketi zangu kwa pini.

Ijumaa nafunga duka saa tano asubuhi. Basi saa sita mchana, kwanza Ubungo, na tangu 2021 stendi ya Mbezi Luis. Kuanzia Kimara hadi Kibaha, miaka ile barabara inapanuliwa, tuliweza kukaa saa mbili tukitazama makatapila. Chalinze unashuka kunyoosha miguu. Msamvu unashuka tena. Dumila wanakuja na nyanya na matango dirishani, Gairo viazi, Kibaigwa magunia ya mahindi yamepangwa hadi kando ya lami. Njia nzima televisheni ya basi inapiga filamu kwa sauti ambayo hata ukifunga masikio unaijua hadithi. Unafika Dodoma saa tatu usiku, au saa nne, au zaidi. Mke wangu alikuwa anapasha chakula mara mbili, mara tatu. Nikifika nakula nusu sahani nalala.

Jumamosi naamka miguu imevimba, kichwa kinavuma, mgongo wa fundi ambao tayari umeinama wiki nzima kwenye cherehani sasa haunyooki kabisa. Nalala hadi adhuhuri. Na Jumapili lazima niwe ndani ya basi saa mbili asubuhi, maana Jumatatu watoto wana shule. Pigeni hesabu. Mwanamume anasafiri siku mbili, anabaki na Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi watu wanapolala. Hiyo ndiyo ndoa tuliyokuwa nayo kwa miaka saba, mara mbili kwa mwezi tukijitahidi. Na katika hizo saa chache ndipo tuliweka kila kitu: ada, kodi ya fremu, mdogo wangu anayeomba mkopo, mtoto anayekohoa usiku. Tuligombana sana. Nasema wazi kwa sababu najua wako wengine waliokuwa wakigombana vilevile na wakidhani tatizo ni tabia ya mwenzao. Sisi tulikuwa tumechoka.

Desemba 2021 mtoto wa pili alikuwa na mahafali ya darasa la awali. Alipangiwa kusoma shairi la mistari minne. Mama yake alipanda basi la alfajiri ili awahi saa tisa alasiri. Kabla ya Dumila tairi likapasuka, na tairi la akiba likakutwa halina upepo. Sitalitaja basi lenyewe. Mtoto alisoma shairi akitazama mlangoni. Mama alifika saa mbili usiku, viti vimeshapangwa juu ya meza, na mlinzi ndiye aliyemfungulia geti. Alikaa kwenye kiti cha chekechea akaomba mtoto amsomee. Mtoto akakataa. Hakuwa na hasira, alikuwa na usingizi tu. Mke wangu bado anaikumbuka hiyo siku kuliko ninavyopenda.

Sasa treni.

Kukata tiketi ni rahisi ukizoea. Unaingia kwenye mfumo wa Shirika la Reli, unajaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, unachagua kiti, unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu. Mama mkwe, ambaye ana miaka 68, nilimfundisha mara moja na sasa anajikatia. Kitambulisho usisahau, na majina yaandike kwa utulivu. Ijumaa na siku za kuelekea sikukuu kata mapema, wiki moja kabla ukiweza, kwa sababu sisi tunaogawana Dar na Dodoma ni wengi na wote tunataka treni ileile ya jioni. Stesheni nenda na muda wa kutosha, maana mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi na foleni ya Ijumaa ni ndefu.

Jengo la stesheni ya Dar, linaloitwa kwa jina la Magufuli, limechorwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, na la Morogoro kwa mfano wa milima ya Uluguru. Ni mazuri. Sina zaidi ya kusema, mimi napita tu. Ila napenda jambo moja: stesheni ya Dar iko mjini kabisa. Nashuka daladala Mnazi Mmoja natembea kwa miguu. Kwenda Mbezi Luis kulikuwa ni safari nyingine kabla ya safari.

Ndani ya behewa, kipimo changu ni sindano. Mara ya kwanza kupanda nilibeba mashati sita ya shule yaliyobaki vifungo, nikijiambia nitajaribu. Mkasi niliuacha dukani, sikutaka maswali kwenye ukaguzi, uzi nakata kwa meno kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa ufundi. Treni ikatoka stesheni, ikapanda daraja refu lile linalopita juu ya mji, ukawa unatazama mapaa ya mabati na nguo zilizoanikwa kwenye maghorofa, na kabla ya Pugu nikawa nimeshatunga uzi. Mara moja tu, bila kulowesha mara tatu, bila kukodoa. Wenye kazi yangu wataelewa. Kwenye basi sikuwahi hata siku moja kutunga sindano kati ya Chalinze na Dodoma. Tulipita Soga, Ruvu, Ngerengere, na tulipofika Morogoro, chini ya saa mbili tangu tuondoke, nilikuwa nimemaliza mashati yote sita. Vifungo saba kila shati, vyote 42, na hakuna hata kimoja kilichokaa upande. Abiria wa kiti cha mbele alikuwa akimwambia mwenzake kwamba sasa tunakwenda kilomita 160 kwa saa, naye akageuka kunitazama mimi na sindano yangu, akanyamaza.

Tangu hapo kila safari ina kazi yake. Nimegundua kazi ya mkono inaendana na treni: vifungo, pindo, kutarizi nembo ya shule mfukoni. Saa hizo zilikuwa zinakufa barabarani, sasa zinaniingizia hela. Na kwa sababu kazi inaisha njiani, nikifika mtaa wa Kisasa, Dodoma, kwa mke wangu sina fulushi la mashati la kumwekea mezani.

Utulivu nao niutaje. Hakuna filamu ya lazima. Vituo vinatangazwa kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha kimya. Ombi langu moja ni kwa abiria wenzangu. Wapo wanaowasha video za simu bila visikilizio, na wapo wanaozungumza na wapenzi wao kwa spika, behewa zima tunajua nani kamkosea nani. Nimeshamwomba kijana mmoja apunguze, akaniambia, "Samahani mzee wangu," akapunguza mara moja. Ukimwomba mtu kwa adabu anasikia. Tulirithi kelele kutoka kwenye basi kwa sababu kule hatukuwa na uchaguzi, huku tunao.

Chakula sikizungumzii sana. Saa tatu na nusu hadi nne si safari ya kumuua mtu kwa njaa, na mimi hupenda kula kwa mke wangu.

Njia yenyewe naijua zaidi ya kurudi, kwa sababu kwenda huwa ni usiku. Asubuhi, ukitoka Dodoma, kwanza ni ukame na mibuyu na mawe, Igandu, Gulwe. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa reli Gulwe, reli ile ya zamani iliyoanzwa na Wajerumani, iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Alitusimulia jinsi mto Mkondoa unavyopanda bila kuaga na kubeba tuta zima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa njia kati ya Kilosa na Gulwe, babu akiwa bado hai, na alilia kama aliyefiwa. Leo ukipita eneo la Kilosa treni inapenya milima kwa mahandaki. Simu inakata, dirisha linageuka kioo, unajiona mwenyewe na sindano yako, halafu ghafla mwanga na kijani. Watoto wangu hupiga kelele kila handaki. Baada ya hapo tambarare ya Mkata, Uluguru kwa mbali, na Dar inaanza kunukia.

Ninachokikosa ni watu wa barabarani. Mama wa Gairo aliyekuwa akinichagulia viazi kwa miaka mitano alikuwa ananifahamu kwa jina la binti yangu. Treni haipiti kwake. Mara ya mwisho nilipopita kwa gari, kwenye lile lori la zabibu, nilishuka kumsalimia, akasema, "Baba, siku hizi mmepaa." Nilinunua ndoo mbili. Sina dawa ya hilo, ila nadhani lisemwe pia tunapoisifu treni, kwa sababu chakula cha jioni cha nyumba nyingi njia ile kilitegemea sisi tulioshushwa kujinyoosha.

Turudi kwenye Jumamosi. Sasa Ijumaa nafunga duka jioni, nimeshamaliza wateja wa mwisho wa wiki, ambao ndio wenye hela. Nafika Dodoma usiku, lakini nafika mzima. Nakula sahani nzima. Nasimulia. Jumamosi saa moja asubuhi tumeamka wote wawili, na hapo ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa simjui tena mke wangu. Sikujua kwamba ameacha chai ya maziwa. Sikujua kwamba jirani yake Mgogo amemfundisha kupika mlenda na kwamba anaupenda kuliko mchicha. Sikujua njia anayopita kwenda Soko la Majengo, wala kwamba muuza zabibu humpunguzia kwa sababu aliwahi kumsaidia kujaza fomu za mkopo. Miaka saba nilikuwa nakuja kulala nyumbani kwake. Jumamosi hizi za treni ndizo zilizonifanya nitembee naye, tukanunua mboga, tukakaa Nyerere Square bila ajenda yoyote, tukabishana kuhusu mechi ya Simba na Yanga badala ya ada. Yeye ni Yanga. Hilo nalo nilikuwa nimeanza kulisahau.

Na Septemba 2024, binti yetu alipofanya mtihani wa darasa la saba, mama yake alipanda treni jioni baada ya kazi. Hakuomba likizo ya wiki, hakukopa siku. Alifika usiku, akakuta nimeshapiga pasi sare ambayo niliishona mwenyewe, na marinda yamekaa kama kurasa za kitabu. Akaifunua akaikagua akasema iko sawa, kisha akaipiga pasi tena. Nikamwacha. Alichonga penseli tatu, akalala kitanda kimoja na binti, na asubuhi akampeleka hadi getini kwa mguu. Mimi nilibaki nyuma nikiwatazama wakipita kona ya duka la dawa. Alirudi Dodoma kesho yake. Kwa miaka ya basi jambo hili lisingewezekana, au lingewezekana kwa kulipia siku nne, na angefika akiwa amechoka kuliko mtahiniwa.

Baba mdogo wangu, ambaye namheshimu sana, hajakubali. Tangu 2017 ananiambia, "Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mke ni wa kukaa naye." Anataka mke wangu aache kazi. Kwenye kikao cha ukoo mwaka jana aliuliza mbele ya watu ni nani mwenye nyumba kati yetu. Nilimjibu kwa heshima, na nalirudia hapa. Kazi ya mke wangu imesomesha watoto, na imelipia matibabu ya baba mdogo mwenyewe alipolazwa, jambo ambalo mke wangu hajawahi kulitaja. Akina mama walifuata waume zao kila walikohamishiwa, wakaacha vibanda vyao, mashamba yao na dada zao, na hakuna aliyeitisha kikao. Mara hii barua ilikuja na jina la mwanamke. Nami nikabaki na watoto na nikajifunza kupika uji usio na madonge. Sioni aibu. Nimekutana na wanaume wengine kwenye treni ya Ijumaa, wenye mifuko ya mchele na sufuria za mama zao, wanaokwenda kwa wake zao kama mimi, na tumeanza kusalimiana. Mwalimu mmoja wa sekondari, fundi wa majokofu wa Temeke, kijana wa benki. Hatuzungumzi mengi. Mmoja huniuliza tu, "Leo mashati mangapi?"

Lakini nisiwadanganye wale wanaofikiria kuishi hivi. Treni haifuti umbali. Ipo Jumatano ya homa, ipo siku mtoto wa kiume anaanguka shuleni na anayefika ni mimi peke yangu, halafu mama yake anaangalia jeraha kwenye simu akiwa chooni ofisini ili asilie mbele ya wenzake. Na upo ukweli wa hela. Nauli ya kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, safari zilipoanza ni shilingi 31,000 Dar hadi Dodoma na 13,000 Dar hadi Morogoro, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Mimi peke yangu kwenda na kurudi ni 62,000. Nikibeba watoto wote wawili, na binti sasa analipa ya mtu mzima, ni 155,000, kabla ya bajaji na kabla mtoto hajaomba kitu. Kwa hiyo watoto wanakwenda shule zikifungwa, mimi nakwenda mara mbili kwa mwezi, na mwezi mmoja mmoja yeye ndiye anakuja. Hela ya treni tunaiweka kwenye kibubu cha bati alichonunua Majengo. Ndani yake haichukuliwi kwa jambo lolote, hata msiba mdogo. Tulikubaliana hivyo kwa sauti, mbele ya watoto.

Ushauri mmoja kwa anayefika Dodoma usiku kwa mara ya kwanza: kubaliana bei na dereva wa bajaji kabla hujakaa, na mwombe mwenyeji wako akuambie nauli ya haki. Mara ya kwanza nililipa mara mbili ya bei. Siku hizi ninaye dereva wangu, ananisubiri pembeni, na hunisalimia kwa kuuliza hali ya watoto.

Kama ningeulizwa kutoa alama, treni hii naipa alama zote ninazoweza kutoa, na sitoi kwa ajili ya kasi. Ningezitoa hata kama ingechukua saa tano, mradi nifike nikiwa mtu wa kuzungumza naye.

Ijumaa hii nimekata tena, ya jioni. Nina mashati manane ya kuweka vifungo, na mfuko wa dagaa kutoka kwa mama mkwe, umefungwa mara tatu. Chini kabisa ya begi nimeweka gauni la kitenge la mke wangu, nililolikata tangu Machi. Limekamilika isipokuwa pindo la chini. Hilo nimeliacha makusudi, maana pindo la gauni hupimwa mwenyewe akiwa amelivaa na amesimama wima. Tutalipima Jumamosi asubuhi.